Vipimo vyote safi, mbona nahisi nakufa?

MUULIZE MUUGUZI: Maswali ya wasomaji kuhusu afya ya akili

Shikamoo Mama Muuguzi. Nina miaka 29, mama wa watoto wawili, naishi Kigamboni na nauza vitenge Kariakoo. Mwezi wa nne nilikuwa nasubiri pantoni asubuhi, watu wamejaa, geti limefungwa. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio kama unataka kutoka kifuani. Pumzi ikakata, mikono ikafa ganzi, midomo ikawa inachomachoma, watu nikawaona kama wako mbali nyuma ya kioo. Nikajua leo ndiyo nakufa, na watoto nimewaacha wamelala. Nilipiga kelele, wakanitoa, wakanipeleka hospitali. Nilipofika ilishaisha, nikaambiwa sina kitu. Tangu hapo imenirudia mara 11. Umeme wa moyo nimepimwa mara 3, kila mara mzima. Daktari wa mwisho alisema, “Mama, acha mawazo.” Sasa pantoni sipandi tena, nazunguka darajani, natoka nyumbani saa 11 alfajiri na nauli inanimaliza. Hata daladala nakaa karibu na mlango, likijaa nashuka. Duka la dawa waliniuzia diazepam. Nikimeza natulia, lakini nashinda nasinzia kwenye biashara. Mama mkwe anasema ni jini, mume wangu anasema najidekeza. Je, huu ni ugonjwa gani, na dawa ipo?
Mama Wawili, Kigamboni

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma jana usiku, nikairudia asubuhi, na hapo pa kuona watu kama wako nyuma ya kioo nikasimama kidogo. Najua panavyokuwa.

Machi 1998 nilikuwa kwenye basi natoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Wakati huo nilikuwa na miaka 9 kazini, muuguzi wa wodi ya akili. Tulipofika Wami, kwenye lile daraja la zamani jembamba, basi likasimama kungoja malori ya upande wa pili yapite. Dirisha langu lilikuwa limekwama. Moyo ukaniruka mara moja, tena mara ya pili, kisha ukaanza kukimbia, na vidole vikakakamaa kama vya mtu mwingine. Nilimsihi kondakta afungue mlango. Nikashuka, nikakaa kwenye changarawe nimeshika kifua, na mama mmoja abiria akanipepea kwa khanga yake. Baada ya dakika kama 10 nilikuwa mzima, nimebaki na jasho na aibu. Ila miezi 8 iliyofuata sikupanda basi. Mama yangu aliugua Korogwe, nikamtumia pesa badala ya kwenda kumuuguza. Hilo linaniuma hadi leo, na ndilo linalonifanya nikujibu kwa kirefu.

Ulichonacho kina jina. Kinaitwa ugonjwa wa paniki, yaani ugonjwa wa hofu ya ghafla. Kushikwa mara moja tu si ugonjwa, watu wengi hupatwa mara moja maishani na mambo yakaisha. Unakuwa ugonjwa pale yanaporudi tena na tena bila kualikwa, na mtu akakaa mwezi mzima au zaidi anaogopa yatakayofuata, au akaanza kupanga maisha yake kuyakwepa. Wewe nauli yenyewe inasema. Mara nyingi huanza kati ya ujana na miaka ya thelathini na kitu, na wanawake hupatwa karibu mara mbili ya wanaume.

Ugonjwa huu ulipewa jina lake na kutengwa na hofu nyingine kwenye vitabu vya madaktari mwaka 1980, lakini watu walikuwa wakiuugua zamani. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Da Costa, aliandika habari za askari waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao: moyo mbio, kifua kinauma, pumzi fupi, na yeye akiwapima haoni ubovu wa moyo. Kwa hiyo ukiambiwa “huna kitu”, jua kwamba kilichokosekana ni ubovu wa moyo. Mateso yapo, na daktari aliyekwambia uache mawazo alipaswa aendelee na sentensi yake.

Sasa nikueleze kilichokupata pale getini. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na mtu akikutana na hatari tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Ng'ombe akikata kamba na kukujia, adrenalini ndiyo inayokukimbiza: moyo unasukuma damu miguuni, pumzi inaongezeka, jasho linatoka, tumbo linasimamisha shughuli zake. Kazi nzuri kabisa. Kwenye paniki king'ora hicho kinalia na ng'ombe hayupo. Mwili unajiandaa kukimbia na wewe umesimama kwenye foleni, kwa hiyo nguvu yote hiyo unaisikia kifuani.

Na ile ganzi? Ukiogopa unapumua haraka haraka, na unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unayotengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inajibana kidogo, unapata kizunguzungu na mambo yanaonekana kama ndoto, huku midomo na vidole vikichomachoma. Unahisi hewa imekwisha, kumbe umevuta hewa kupita kiasi. Ndiyo maana ukizidi kuvuta kwa nguvu, hali inazidi.

Huenda unaogopa pia kuanguka mbele za watu, wengi wenye hali hii huogopa hivyo. Katika hizo mara 11, uliwahi kuzimia hata moja? Hukuandika, na nadhani hukuandika kwa sababu haikutokea. Mtu kwa kawaida huzimia presha inaposhuka, na wakati wa paniki presha hupanda. Vilevile mwili hauwezi kukaa kileleni muda mrefu. Hofu hufika juu kabisa ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kuteremka yenyewe, ukimbie usikimbie. Pale hospitali ulifika imekwisha. Hakuna aliyekutibu njiani, ilikwisha kwa sababu ilikuwa imefika mwisho wake.

Lakini wewe ulijifunza jingine: kwamba ulipona kwa sababu ulitolewa getini. Hapa ndipo ugonjwa unapokaa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mzunguko huu vizuri sana. Moyo unaruka kidogo, labda umepanda ngazi au umekunywa chai kali. Wewe unautafsiri: “Nakufa.” Tafsiri hiyo inaleta adrenalini zaidi, moyo unakimbia zaidi, nawe unapata ushahidi zaidi kwamba unakufa. Kisha unakimbia, unapona, na akili inaandika kwamba pantoni ni hatari. Kesho ni daladala. Nimewahi kumtembelea mama mmoja ambaye alianza kwa kuogopa soko na mwisho akawa hatoki nje ya mlango wa chumba chake. Alikaa hivyo miaka 4. Alikuwa mshonaji hodari, na cherehani yake niliikuta imefunikwa shuka.

Kabla ya tiba, hakikisha umepimwa yote yanayofanana na paniki. Umeme wa moyo umetosha, usirudie mara ya nne. Omba wapime wingi wa damu, sukari, na tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi moyo hukimbia, mikono hutetemeka na mtu hukonda. Wakuulize kuhusu pumu na dawa zake, na kama una mimba. Na nisieleweke vibaya: maumivu ya kifua yanayokuja ukibeba mzigo na kutulia ukipumzika, yanayokwenda kwenye mkono au taya, au kuzimia kabisa, hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, hasa kwa mwenye presha, kisukari au umri mkubwa.

Kuhusu diazepam, mwanangu, naomba unisikilize. Inatuliza kweli, na hapo ndipo penye mtego wake. Ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa mwili unaizoea, unataka zaidi, na ukikosa hofu inarudi kwa kishindo. Pia inakufundisha kwamba bila kidonge huwezi kuvuka. Kama umeinywa kila siku, usiikate ghafla, maana kukata ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Nenda nayo kwa daktari, mwambie ukweli ni vidonge vingapi na tangu lini, akupunguzie kidogo kidogo. Usichanganye na pombe hata siku moja.

Dawa zinazotibu paniki yenyewe ni nyingine, zile zinazotumika pia kwa sonona, yaani huzuni kubwa isiyoisha: fluoksetini, setralini, na za zamani kama imipramini. Hazilevi wala hazikufanyi mtumwa wake. Huanza kazi taratibu, wiki 2 hadi 6, na wengi huziacha wiki ya kwanza kwa sababu siku za mwanzo zinaweza kukuongezea wasiwasi kidogo. Ndiyo maana daktari anayeijua kazi huanza na kiasi kidogo. Ukiona hivyo vumilia, rudi kumweleza, usizitupe. Ukipata nafuu utaendelea nazo angalau miezi 6, mara nyingi karibu mwaka, kisha zinapunguzwa polepole. Kama unanyonyesha au una mpango wa mimba, sema mapema. Mimi nilipewa imipramini. Mdomo ulinikauka mpaka nikawa natembea na chupa ya maji, lakini usingizi ulirudi na moyo ukapunguza kurukaruka.

Ila dawa peke yake haikunipandisha basi. Kilichonipandisha ni tiba ya mazungumzo, ile ya kuchunguza fikra na kubadili mwenendo. Kwa kawaida ni vikao kama 7 hadi 14, na inafanya kazi kwa dawa au bila dawa. Mwenzangu wa kazi ndiye alinishika mkono. Kwanza alinifanya nitengeneze dalili mwenyewe: nikimbie papo hapo dakika 1, nizunguke mpaka kizunguzungu kije, nivute hewa kwa mrija wa soda huku nimeziba pua. Moyo ukaenda mbio pale pale chumbani, na saa ya ukutani tukiiangalia wote wawili. Dakika ya 3 ukatulia. Siku ile nilielewa kwa mwili kitu ambacho nilikuwa nawafundisha wengine kwa mdomo. (Mazoezi haya usiyafanye kama una pumu, kifafa, mimba au ugonjwa wa moyo, mpaka daktari akuruhusu.)

Kisha tukaenda kituo cha mabasi. Daftari langu bado ninalo. Niliandika hofu kwa namba, 0 hadi 10. Tanga hadi Pongwe, mara ya kwanza: 9. Mara ya pili: 8. Mara ya nne: 5. Ndipo tukasogea Muheza, ikapanda tena 8, ikashuka. Segera. Hatimaye Korogwe, Novemba ile, nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Sharti lilikuwa moja tu: nisishuke hofu ikiwa juu. Ningoje ishuke ndani ya basi.

Kwako wewe naona hivi, lakini upange na mtaalamu wako. Anza kwenda getini saa 4 asubuhi, watu wakiwa wachache. Usivuke. Simama pale pale uliposhikwa, andika namba yako, kaa mpaka ishuke nusu, hata ikichukua nusu saa au zaidi. Rudia siku 4 au 5. Halafu uvuke na mtu muda huo huo wa watu wachache. Halafu peke yako. Halafu saa 12 asubuhi pamejaa. Mwishoni kabisa uvuke bila chupa ya maji, bila kidonge kwenye pochi, bila kusimama karibu na ukingo. Moyo ukienda mbio usipigane nao. Uambie, “Kimbia, nakungoja.” Siku moja itapanda ghafla baada ya wiki nzuri, usidhani umerudi mwanzo. Mimi ilinirudia mara mbili mwaka 1999, na mara zote mbili nilibaki kitini.

Pa kwenda: hospitali yako ya rufaa ni Temeke, uliza kliniki ya afya ya akili. Amana na Mwananyamala pia zinazo, na Muhimbili ina idara kamili. Usione haya na neno “akili” mlangoni. Ukifika usianze na “nina moyo”, watakurudisha kwenye nyaya za kupima umeme wa moyo. Sema: “Napata hofu ya ghafla yenye dalili hizi, imekuja mara 11, na nimeacha kupanda pantoni.” Sentensi hiyo iandike kwenye karatasi uende nayo.

Mama mkwe usigombane naye. Anakupenda, ametafuta jina kwenye yale anayoyajua. Dua ni yako, kisomo ni chako, havigombani na fluoksetini. Ninachokukataza ni yeyote atakayekwambia uache dawa, ufunge kula, au uchanjwe chale. Mume wako mpe ukurasa huu asome yeye mwenyewe. Mtu anayejidekeza haamki saa 11 alfajiri kuzunguka darajani ili watoto wale.

Bi Muuguzi, mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Mchana sina neno, lakini usiku nikilala naamka saa 8 moyo wapiga mbio, jasho chapachapa, naona roho yatoka. Njiani natafuna muguka (majani ya jamii ya miraa, yaani mirungi) na kunywa kahawa tungu nisilale. Wenzangu waniambia ni jinamizi.
Dereva wa Usiku, Changamwe

Ndugu yangu, paniki humwamsha mtu usingizini, hilo linajulikana. Jinamizi ni jingine: akili imeamka na mwili bado umelala, huwezi kuinua hata kidole. Wewe unaamka, unakaa, unatembea. Lakini kabla ya yote, muguka na miraa vina kathinoni, ambayo kazi yake ni kuusisimua mwili kama adrenalini inavyofanya, na kahawa unaimwagia juu yake. Huwezi kupandisha king'ora mchana kutwa ukategemea kinyamaze usiku. Punguza kwa wiki 2 au 3, usikate siku moja, kisha utazame. Mwombe pia mkeo akusikilize ukilala: ukikoroma sana na pumzi ikakatika katikati, hilo ni tatizo lake mbali na lina tiba yake. Yakibaki hata bila muguka, kliniki ya akili ya Port Reitz iko hapo hapo kwenu. Na tafadhali, usiku ukiwa mbaya usiushike usukani alfajiri.

Mama, mke wangu ana ugonjwa huu wa paniki, ameanza dawa. Akishikwa nafanya kila kitu: nampepea, namwagia maji, naita majirani, juzi nilimpa mfuko apumulie kama nilivyoona kwenye simu. Sokoni naenda mimi, mtoto shuleni nampeleka mimi. Nakosea wapi?
Baba wa Mmoja, Morogoro

Baba, unampenda, na barua yako imenigusa. Mfuko uache leo. Kama siku hiyo ni pumu au moyo, mfuko unaweza kumdhuru, na huwezi kujua kwa kumtazama. Maji na majirani waache pia, watu 12 chumbani wanamthibitishia kwamba anakufa. Kaa chini pembeni yake, usawa wa macho yake. Sema polepole, “Ni ile ile. Itapanda, itashuka. Nipo.” Pumua wewe mwenyewe taratibu ili akufuate: ndani kwa pua ukihesabu hadi 4, nje ukihesabu hadi 6. Si kwa ajili ya kuifukuza hofu, ni ili asizidi kuvuta hewa. Usimwambie “tulia”, angekuwa anaweza angeshatulia.

Hayo ya sokoni na shule ndiyo magumu zaidi, kwa sababu yametoka kwenye huruma. Kila unapokwenda badala yake, hofu inaambiwa ilikuwa na haki. Kaa naye mpange. Wiki hii mwende sokoni pamoja, wewe ubebe kikapu yeye aongee na wauzaji. Wiki ijayo msimame mlangoni, yeye aingie kununua nyanya tu na kutoka. Akitoka anatetemeka na nyanya zipo mkononi, zihesabu nyanya.